Maji kwa Hamburg, Kambi kwa Bukoba

Kuna usemi uliokita mizizi katika masomo ya historia ya Afrika Mashariki, na hata waliong'oa ukoloni waliuacha papo hapo ulipoota. Usemi huo wadai kwamba serikali za kikoloni, pamoja na ubaya wake wote, zilileta afya. Na kwamba kipindupindu, tauni na malale vilipoendelea kuua watu, sababu ilikuwa ujinga na ukaidi wa wenyeji waliokataa amri za madaktari. Mtoto anayesoma juu ya vilima vya Bugene, katika nchi ya Karagwe, husomeshwa hivyo. Na akikua akawa bwana afya, aghalabu hutenda hivyo. Insafu yataka usemi upimwe kabla ya kurithishwa. Huu ukipimwa kwa ugonjwa mmoja tu, yaani kipindupindu, na kwa miji ya bandari ambamo ugonjwa huo uliogopwa kuliko penginepo, hauna mguu wa kusimamia.

Mbishi ataanza kwa kuuliza Bugene inahusiana nini na bandari, ilhali baina yake na bahari kuna nchi nzima. Swali hilo ni la mtu anayesoma ramani asisome njia. Zamani za Mkama Rumanyika wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya Bweranyange, na njia waliyoikanyaga kutoka Tabora ndiyo iliyowafikisha Speke na Grant mwaka 1861. Grant aliugua mguu, akashindwa kuendelea na safari, akabaki kwa Rumanyika miezi kadhaa akiuguzwa. Mgeni yule mwenye kidonda kibaya hakuzungushiwa ua wala hakupelekwa porini; jambo hilo ni dogo, lakini linafaa kukumbukwa huko mbele.

Njia iliyoleta shanga na nguo ndiyo iliyopitisha maradhi. James Christie, tabibu Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alikusanya habari za wasafiri kwa subira kubwa, na katika kitabu chake cha mwaka 1876 alionyesha kwamba kipindupindu cha mwaka 1869 na 1870 hakikuingia Unguja kwa jahazi la Uarabuni au la Bara Hindi, kama wengi walivyodhani. Kilikuja kwa nchi kavu, kikapita Umasaini, kikashuka Pangani, kisha ndipo kikavuka maji. Kikaua maelfu ya watu kisiwani. Halafu kikageuka na kufuata misafara kuelekea bara, hata David Livingstone akakutana na habari za vifo vyake akiwa Manyema. Basi bandari haikuwa mlango wa kuingilia tu. Ilikuwa njia panda. Wajerumani walipofanya kituo Bukoba mwaka 1890, Bugene ikapata bandari ya karibu zaidi, ile ya ziwa, na tangu hapo kahawa ya Karagwe imekuwa ikiteremka huko. Kila kilichoamuliwa bandarini juu ya maradhi kiliamuliwa pia juu ya mtu wa vilimani, ajue asijue.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kipindupindu hakina fumbo tena. Mwaka 1854 John Snow alikwisha kuonyesha katika mtaa mmoja wa London kwamba waliokufa ni waliokunywa maji ya pampu moja. Na mwaka 1883 na 1884 Robert Koch, Mjerumani, alikifuata kijidudu chake mpaka Misri na Calcutta, akakiona katika matumbo ya wafu na katika dimbwi ambalo watu walikunywa na kufulia. Kinyesi cha mgonjwa huingia majini, na maji huingia kinywani mwa mzima. Atakayetenga maji na kinyesi ameshinda. Asiyefanya hivyo aweza kutoza faini, kufunga soko, kufukiza nyumba na kupiga mbiu usiku kucha, na ugonjwa ukaendelea kula.

Wakoloni walijua hayo? Walijua vizuri sana, na mahali pa kuuona ujuzi wao ni Hamburg. Mji huo ulikuwa bandari kuu ya Ujerumani, na ndiko zilikoanzia safari meli za kampuni iliyoundwa mwaka 1890 kwa ajili ya Afrika Mashariki. Ulitawalwa na seneti ya matajiri wa biashara. Maji ya kunywa yalitoka mto Elbe, yakaingia mabombani bila kuchujwa, kwa kuwa wenye mali walibishana miaka mingi juu ya gharama za machujio na nani azilipe. Mji wa Altona, uliopakana nao ukuta kwa ukuta lakini ukiwa chini ya Prussia, ulichota maji kutoka mto uleule, tena upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa humo. Ila Altona ilikuwa na machujio ya mchanga. Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Wakubwa wa Hamburg wakasitasita kutangaza, maana tangazo lingefunga bandari na biashara ingelala. Na siku hizo za kusitasita zikampa adui nafasi ya kuenea katika mabomba ya mji mzima. Wakafa watu 8,600 hivi. Altona wakafa wachache. Kulikuwa na mtaa ambao mpaka wa miji hiyo miwili ulipita katikati, na ugonjwa ukashika nyumba zilizonywa maji ya Hamburg, ukaziacha zilizonywa maji ya Altona.

Serikali ya Ujerumani ikamtuma Koch. Alipozungushwa katika vichochoro vya makabwela karibu na bandari, inasimuliwa, aliwaambia waliomfuata kwamba alisahau kuwa yu Ulaya. Neno hilo litazamwe kwa makini, kwa sababu ndani yake mna kanuni nzima ya utawala: uchafu ule ungekuwa wa kawaida pengine, palipostahili kushtukiwa ni Ulaya tu. Hata hivyo, alichotenda Hamburg kilikuwa sawasawa. Maji yaliyochemshwa yalisambazwa mitaani kwa magari ya farasi, bila malipo, na mwaka uliofuata, 1893, machujio yaliyobishaniwa miaka mingi yakafunguliwa. Ni kweli kwamba vikosi vya kufukiza viliingia majumbani, na kwamba wahamiaji waliotoka Urusi wakielekea Marekani walinyoshewa kidole kama walioleta balaa. Kila mji hutafuta mgeni wa kulaumu. Lakini mwisho wa kelele zote mji ulitoa fedha, ukabadili maji. Hakuna aliyesema watu wa Hamburg wahamishwe mpaka watakapostaarabika.

Tabibu huyohuyo akaja Afrika Mashariki. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa Dar es Salaam, na katika muda huo tauni iligunduliwa Kiziba, kaskazini ya Bukoba. Habari zilizofika kwake kutoka huko zilikuwa na jambo la kuwafunza wataalamu wa bandari zote za dunia: wenyeji walijua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, mauti ya watu yako karibu, nao walihama nyumba hizo upesi. Wakati huo Ulaya bado ilikuwa ikijadiliana kama panya wanahusika au hawahusiki. Hao ndio watu ambao usemi wa madarasani wawaita wajinga wa afya.

Akarudi mwaka 1906 kwa ajili ya malale, ugonjwa ulioua watu zaidi ya 200,000 katika nchi ya Uganda na visiwa vyake. Akapiga kambi katika visiwa vya Sese, akawadunga wagonjwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa arseniki, akiongeza kipimo kadiri alivyoona matokeo. Watu zaidi ya 20 walipofuka. Alipoondoka alishauri wagonjwa wakusanywe katika makambi, na kambi mojawapo ikawekwa Kigarama, huko Kiziba, chini ya daktari aliyeitwa Kudicke. Wagonjwa walikuja, wengine kwa hiari na kwa matumaini, wakaonja maumivu ya sindano, wakapima faida na hasara kwa akili zao, na wengi wakaenda zao. Vitabu vya serikali viliandika kwamba walitoroka. Mtu huru anayeacha dawa iliyomuumiza hatoroki, anakataa.

Hapa msomaji mwadilifu atasimama na kusema: malale si kipindupindu, malale huenezwa na mbung'o, si na maji, basi kumtoa mgonjwa mahali penye mbung'o kulikuwa na maana. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini kinacholinganishwa hapa ni mzigo, na nani aliyetwishwa. Hamburg, gharama ya kuushinda ugonjwa iliwekwa juu ya hazina ya mji na mifuko ya matajiri, na mwili wa maskini ukaachwa mahali pake. Bukoba, gharama iliwekwa juu ya mwili wenyewe: yeye aondoke kwake, yeye adungwe, yeye afyeke vichaka vya mwambao. Elimu ilikuwa ileile, na mwenye elimu alikuwa yuleyule. Kilichobadilika ni aliyeonekana kuwa raia na aliyeonekana kuwa chombo cha kuchukulia vijidudu.

Wala Waingereza hawakuwa na njia nyingine. Katika mwaka 1913 na 1914 walimtuma Profesa W. J. Simpson akague hali ya afya katika Kenya, Uganda na Unguja. Huyu naye alikuwa bingwa wa kipindupindu. Alikuwa mkuu wa afya wa mji wa Calcutta tangu 1886 hata 1897, na alisaidia kujaribu huko chanjo ya Haffkine. Mtu aliyeona kwa macho yake jinsi maji yanavyoua angetazamiwa kuandika juu ya maji, na aliandika kidogo. Lakini pendekezo lililopendwa na watawala lilikuwa lile la kuigawa miji kwa rangi, Wazungu mbali, Wahindi mbali, Waafrika mbali, na baina yao ardhi tupu isiyojengwa. Kana kwamba kijidudu husoma pasi kabla ya kuvuka barabara.

Dar es Salaam ni ushahidi uliojengwa kwa mawe. Wajerumani walianza mwaka 1891 kwa sheria ya ujenzi iliyoeleza nyumba za namna gani zijengwe mtaa gani. Waingereza wakakamilisha katika miaka ya 1920, wakawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kiwanja cha Mnazi Mmoja kikaachwa wazi kuitenga Kariakoo na mitaa ya biashara. Kiwanja hicho kiliitwa kinga ya afya. Lakini mpishi, yaya na dobi walikivuka kila alfajiri, wakashika chakula, watoto na nguo za Uzunguni, kisha jioni wakarudi kulala Kariakoo. Kama hatari ilikuwa katika miili yao, kiwanja kilikuwa mchezo wa kitoto. Na kama hatari ilikuwa katika maji na vyoo vya mitaa yao, dawa yake ilikuwa bomba na mtaro, na kiwanja hakikuwa hata kimoja cha hivyo. Tafsiri iliyobaki ni moja: ardhi nzuri ya upepo wa bahari ilitakiwa, na afya ikapewa kazi ya kuiombea.

Watetezi wa ukoloni husema kwamba fedha hazikuwapo, na kwamba bomba la maji ni anasa ya nchi tajiri. Jibu la hoja hiyo liko Unguja. Seyyid Barghash alitawazwa Oktoba 1870, mji ukiwa bado unanuka msiba wa kipindupindu. Hapo kabla alikwisha kuishi Bombay, alikohamishwa, akaona mji mkubwa unavyoletewa maji kutoka mbali. Katika utawala wake, uliokwisha mwaka 1888, maji ya chemchemi za kaskazini yaliletwa mjini kwa mfereji na mabomba, na watu wakachota bure. Hayo yalifanyika kabla Unguja haijawa chini ya himaya ya Waingereza mwaka 1890. Barghash hakuwa malaika. Mali yake ilitoka katika karafuu, na karafuu zilitoka katika jasho la watumwa, na soko la watumwa alilifunga mwaka 1873 kwa kulazimishwa. Lakini juu ya kipindupindu alifanya lile ambalo matajiri wa Hamburg walihitaji maiti 8,600 ndipo walifanye. Basi lisisemwe tena kwamba Mwafrika au Mwarabu wa pwani alingoja meli ya Ulaya imfundishe kwamba maji safi ni uhai.

Lakini ubishi huu ungekuwa wa makaburini tu kama desturi ya kambi na kiwanja ingezikwa pamoja na wenyewe. Haikuzikwa. Kipindupindu kilirejea kwa nguvu Tanzania katika mwaka 1977 na 1978, na kimerudi mara nyingi tangu hapo. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, ukapata wagonjwa zaidi ya 20,000. Kila kinapozuka, amri huwa ni zile zile, na mtu wa Bugene azijua kwa moyo: mama lishe afunge jiko, muuza matunda yaliyokatwa aondoke, rubisi isinywewe kilabuni, asiye na choo alipe faini, na kila nyumba ichemshe maji. Hakuna hata moja katika amri hizo iliyo ya upuuzi kwa nafsi yake. Chakula kilichoguswa na mkono mchafu kweli huua, na rubisi iliyochanganywa maji ya bondeni kweli ni hatari. Kosa liko katika mpangilio: zinazokuja kwanza, na mara nyingi zinazokuja peke yake, ni amri ambazo mtawala hazimgharimu kitu. Mama lishe hupoteza mtaji wake wa wiki. Mwenye choo kibovu hupoteza mbuzi wake. Hazina haipotezi senti, na ugonjwa ukipungua kwa mvua kukatika, amri ndizo zinazosifiwa.

Msomi mmoja atajibu kwamba mkoa wa Kagera umeshuhudia hivi karibuni faida ya kutenga watu. Atataja Marburg. Machi 2023 ugonjwa huo ulitangazwa katika wilaya ya Bukoba, ukapata watu tisa na kuua sita, na Juni ukatangazwa kuwa umekwisha. Januari 2025 ulitangazwa tena Biharamulo, wakafa wote kumi waliohesabiwa, na katikati ya Machi ukafungwa. Ni kweli, na wauguzi waliofanya kazi hiyo wastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa. Lakini Marburg hupita kutoka mwili hadi mwili, kwa damu na majimaji ya mgonjwa na maiti. Kumtenga mgonjwa wake ni kuifunga njia yenyewe ya ugonjwa. Kipindupindu hakipiti huko. Mgonjwa wake akipewa upesi maji safi yenye chumvi na sukari, na mishipa yake ikijazwa maji pale anapozidiwa, hufa mmoja au pungufu katika mia. Na jirani yake hawi salama mpaka chemchemi wanayochota wote wawili itengenezwe. Anayeyachanganya maradhi haya mawili kwa sababu yote mawili yanatisha, anarudia kosa la Simpson, ila bila udhuru wa Simpson, ambaye angalau aliajiriwa ili alitende.

Jambo moja katika orodha ya amri lahitaji kuangaliwa peke yake, maana ndilo lionekanalo kuwa jepesi na la hekima kuliko yote: chemsha maji. Karagwe ni nchi ya vilima, na makazi na migomba vimekaa juu. Maji yako mabondeni, katika chemchemi na vijito vinavyopita mafunjo. Nyumba isiyo na bomba wala tangi la kukingia mvua kwenye bati, mwanamke wake au binti yake hushuka na dumu, akapanda nalo kichwani. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Nyumba ya watu sita yahitaji madumu kadhaa kwa siku kwa kunywa, kupika, kuosha vyombo na kunawa mikono, ambako kunahimizwa katika tangazo lilelile. Sehemu ya kunywa pekee, ili ichemke sawasawa, yataka kuni. Na kuni za vilima vilivyokwisha kulimwa hazipatikani karibu, ama hununuliwa. Basi amri yenye maneno mawili imemwongezea mtu mmoja ndani ya nyumba safari ya pili, ya kuni, juu ya safari ya kwanza, ya maji, na mtu huyo si baba mwenye nyumba wala si bwana afya aliyepita na daftari.

Hamburg, Agosti 1892, serikali ilichemsha maji yenyewe na kuyapeleka mlangoni kwa farasi. Chemchemi ya bondeni yaweza kujengewa ukuta wa mawe na saruji, ikawekwa bomba la kutokea maji ili dumu na miguu visiiguse, ikazungushiwa uzio ng'ombe wasiikaribie, na mafundi wa kazi hiyo wako Karagwe kwenyewe. Kazi hiyo haina haja ya kungoja mgonjwa wa kwanza. Kitabu cha faini, kwa kawaida, humngoja.